JOHN SNOW: DAKTARI ALIYEHESABU WAFU ILI AOKOE WALIO HAI

  Mwaka huu sikutaka kuandika juu ya mwanasiasa wala mwanariadha, kwani hao mmewasoma mpaka mmekinai. Nimemchagua daktari mmoja Mwingereza aliyefariki zamani sana, mwaka wa 1858. Silaha yake kubwa ilikuwa hesabu. Ndiyo, hesabu hii hii ambayo wengi wetu huikimbia mithili ya swara aliyemwona simba.

Sababu ya kumchagua ni kisa kilichotupata hapa shuleni. Muhula uliopita, wanafunzi tisa wa darasa letu waliumwa na tumbo siku moja. Ikagunduliwa kwamba saba kati yao walikuwa wamekula mandazi ya yule mama anayeuza karibu na lango. Basi maneno yakaenea kama moto wa nyikani. Kwa wiki tatu mama wa watu akawa anarudi nyumbani na ndoo ya mandazi ambayo hakuna aliyeigusa. Mwalimu wetu wa Biolojia aliposikia, aliingia darasani akatuuliza swali moja tu: ni wangapi walikula mandazi yale na hawakuugua? Darasa likawa kimya kama maji mtungini. Halafu mikono ikaanza kuinuka mmoja mmoja, mpaka karibu darasa zima likawa limeinua mikono. Wangu ulikuwa mmojawapo. Siku hiyo nilikula matatu na sikuumwa hata kidogo, lakini wenzangu walipokuwa wakimlaumu yule mama nilinyamaza tu.

Mwalimu hakutuadhibu. Alitusimulia maisha ya John Snow, nami nikaenda maktabani kutafuta mengine zaidi. Haya basi, fuatana nami.

John Snow alizaliwa tarehe 15 Machi 1813 katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto tisa. Baba yake alikuwa kibarua, na mtaa wao ulikuwa wa watu wa hali ya chini, karibu na mto Ouse ambao ulikuwa ukifurika na kuingia majumbani. Kwa hivyo msidhani kwamba alizaliwa katika kasri. Hata hivyo wazazi wake walijinyima ili asome, na kijana mwenyewe alikuwa hodari, hasa katika hesabu.

Mwaka wa 1827, akiwa na umri wa miaka 14 tu, alipelekwa mji wa Newcastle kuwa mwanagenzi wa daktari. Siku hizo mtu angeweza kujifunza udaktari kama vile mtu anavyojifunza useremala siku hizi, yaani kwa kumfuata fundi na kumtazama anavyofanya. Ni huko alikokutana na adui wake wa maisha.

Adui huyo ni kipindupindu. Ugonjwa huu ulitoka Asia ukaingia Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka wa 1831. Jamani, ulikuwa ugonjwa wa kutisha! Mtu aliamka mzima, adhuhuri akaanza kuhara maji meupe kama maji ya mchele, akatapika, mwili ukakauka, macho yakazama, na jua likitua ni maiti. Snow alikuwa na miaka 18 alipotumwa katika mgodi wa makaa ya mawe wa Killingworth kuwatibu wachimbaji. Alijitahidi usiku na mchana lakini dawa za wakati huo hazikufaa kitu. Jambo moja alilolitia akilini ni kwamba wachimbaji wale walishinda chini ya ardhi saa nyingi, wakila chakula chao humo humo, bila choo na bila maji ya kunawa mikono. Hakulisahau kamwe.

Mnamo mwaka wa 1836 alifunga safari ya kwenda London kumalizia masomo, na sehemu kubwa ya safari hiyo aliifanya kwa miguu. Mwaka wa 1838 alifuzu na kuruhusiwa kutibu watu, na mwaka wa 1844 akapata shahada ya juu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha London. Alikuwa mtu mkimya, mwenye sauti nzito ya kukwaruza. Hakuoa. Katika ujana wake hakula nyama, hakunywa pombe, na alikuwa mwangalifu sana juu ya maji ya kunywa. Wenzake walimwona kama kioja. Kumbe mwenzao alikuwa anaona mbali!

Umaarufu wake wa kwanza haukutokana na kipindupindu. Mwaka wa 1846 habari zilifika kutoka Marekani kwamba mvuke wa etha unaweza kumlaza mgonjwa asisikie maumivu akipasuliwa. Madaktari wengi wakaanza kuitumia ovyo ovyo, na wengine wakawaua wagonjwa wao. Snow hakukurupuka. Alipima. Alitafuta ni kiasi gani cha dawa kinachomlaza mtu na ni kiasi gani kinachomuua, akaunda chombo cha kuvutia mvuke, kisha akaandika habari za kila mgonjwa katika daftari lake. Ilipokuja klorofomu alifanya vivyo hivyo. Sifa zake zikavuma mpaka ikulu. Mwaka wa 1853 aliitwa kumpa Malkia Victoria klorofomu alipokuwa akijifungua mwana wake Leopold, na mwaka wa 1857 akaitwa tena alipozaliwa Beatrice. Mtoto wa kibarua wa York akawa daktari wa kumlaza malkia. Ama kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Angeweza kustarehe na kula jasho lake, lakini adui alikuwa amerudi. Katika mlipuko wa mwaka wa 1848 na 1849, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 14,000 katika jiji la London peke yake. Madaktari wakubwa waliamini kwamba ugonjwa huletwa na hewa chafu, ile harufu mbaya itokayo kwenye takataka na vinyesi. Snow alijiuliza: kama sumu inaingia kwa pua, mbona mapafu hayaugui kwanza? Mbona ugonjwa unaanzia tumboni? Akakata kauli kwamba kitu kinachomwua mgonjwa hutoka na uchafu wake, kikaingia katika maji au chakula, kikamezwa na mtu mwingine. Aliyaandika hayo katika kijitabu mwaka wa 1849. Wakubwa walikisoma wakatikisa vichwa. Walitaka ushahidi, na kusema kweli walikuwa na haki ya kuutaka.

Ushahidi ulikuja mwaka wa 1854, nao ulikuja na vilio. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Septemba, kipindupindu kilivamia mtaa wa Soho, si mbali na nyumbani kwa Snow mwenyewe. Watu walikufa kama kuku wa kideri. Kwa muda wa siku 10 hivi, zaidi ya watu 500 walifariki katika eneo ambalo unaweza kulizunguka kwa miguu kabla kengele ya mapumziko haijalia. Wenye nafasi walifunga virago wakahama. Snow alikwenda kuelekea huko huko ambako wengine walikuwa wakikimbia.

Kwanza alikwenda katika ofisi ya kuandikisha vifo, ambako bwana mmoja aitwaye William Farr alikuwa akiweka takwimu za nchi nzima. Akapewa orodha ya watu 83. Kisha akaanza kubisha hodi, nyumba hadi nyumba, akiuliza jambo moja: marehemu alikuwa akinywa maji ya wapi? Alikuta kwamba 73 waliishi karibu na pampu ya barabara iitwayo Broad Street. Waliobaki 10 waliishi karibu na pampu nyingine. Hapa mtu mvivu angesema, aa, 73 wanatosha! Snow hakuridhika. Aliwafuata wale 10 pia. Watano, jamaa zao walisema daima walituma watu Broad Street kwa sababu waliyapenda maji ya huko. Watatu walikuwa watoto waliosoma shule iliyo karibu na pampu hiyo.

Halafu akafanya jambo lililonistaajabisha zaidi. Aliwatafuta watu ambao hawakufa! Karibu na pampu palikuwa na nyumba ya kuwahifadhi maskini, yenye watu 535. Mitaa yote iliyoizunguka ilikuwa matanga matupu, lakini humo walikufa watano tu. Kwa nini? Nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake. Palikuwa pia na kiwanda cha pombe chenye wafanyakazi zaidi ya 70. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa kwa kipindupindu. Mwenye kiwanda alieleza kwamba watu wake hupewa pombe, na hata maji wakiyahitaji wana kisima chao ndani. Sasa wanafunzi wenzangu msije mkasema eti nimewaruhusu kunywa pombe, la hasha!

Upande wa pili, kulikuwa na mjane mmoja aliyekuwa akiishi Hampstead, maili kadhaa kutoka Soho, mahali ambapo hapakuwa na ugonjwa. Alikufa. Snow alipouliza, mwanawe akamwambia kwamba mama huyo aliwahi kuishi Soho na aliyapenda mno maji ya Broad Street, hata akawa anapelekewa chupa yake kwa gari kila siku. Mpwa wake aliyekuja kumtembelea akayanywa pia, naye akafa. Kama ni hewa chafu, ilipandaje gari hadi Hampstead?

Jioni ya tarehe 7 Septemba Snow aliwaendea wakuu wa mtaa akawaeleza. Hawakusadiki sana, ila walikuwa wamekata tamaa, na kesho yake wakaamuru mpini wa pampu uondolewe.

Masimulizi mengi huishia hapo kwa vigelegele, eti mpini ukatolewa, ugonjwa ukaisha. Ukweli una kona zake. Vifo vilikuwa vimeanza kupungua kabla ya tarehe hiyo, kwani watu wengi walikuwa wamekwisha hama. Na aliyelisema jambo hili wazi ni Snow mwenyewe! Angeweza kujipigia zumari na nani angempinga? Hata ile ramani yake mashuhuri, yenye vistari vyeusi kuonyesha kila kifo, aliichora baadaye ili kuwaonyesha watu kile alichokuwa amekipata kwa miguu yake.

Mpini wenyewe haukutolewa bure, hata hivyo. Palikuwa na kasisi kijana aliyeitwa Henry Whitehead, aliyewajua watu wa mtaa ule kwa majina. Hakuamini maneno ya Snow, akaanza kuchunguza ili ayapinge. Kadiri alivyohesabu ndivyo alivyogeuka. Ni yeye aliyegundua chanzo chenyewe: katika nyumba nambari 40, mkabala na pampu, mtoto mchanga alikuwa ameugua kuhara siku chache kabla ya mlipuko. Mamaye alikuwa akifua nepi na kuyamwaga maji katika shimo la uchafu la nyumba hiyo. Lilipofukuliwa, matofali yake yalikuwa yameoza, na uchafu ulikuwa ukipenya hadi kisimani, hatua moja tu kutoka hapo. Mtoto huyo alikufa. Baba yake naye akaugua tarehe 8 Septemba, siku ile ile mpini ulipotolewa. Uchafu wa baba ungefuata njia ile ile. Fikirini wenyewe nini kingetokea kama watu wangekuwa bado wanateka maji pale.

Sasa nije katika kazi kubwa zaidi ya Snow, ambayo haina mpini wala mjane, kwa hivyo watu huisahau. Kusini mwa London kampuni mbili za maji zilikuwa zikishindana. Ya kwanza, Southwark and Vauxhall, ilichota maji ya mto Thames ndani ya jiji, mahali vinyesi vya jiji vilipomwagwa. Ya pili, Lambeth, ilikuwa imehamisha mitambo yake mwaka wa 1852 hadi juu ya mto, kabla uchafu haujaingia. Katika mitaa mingi mabomba ya kampuni zote mbili yalipita barabara moja. Nyumba hii ilinunua kwa huyu, ya jirani kwa yule. Tajiri kwa maskini, wazee kwa watoto, wote walichanganyika, na wote walivuta hewa moja. Tofauti ilikuwa maji tu. Hakuna mtu angeweza kupanga jaribio zuri kuliko hilo, na hapa lilikuwa limejipanga lenyewe!

Snow akarudi kubisha hodi kwenye kila nyumba iliyokuwa na msiba. Wengine hawakujua hata wananunua maji kwa nani, basi akachukua maji yao kidogo akayapima chumvi. Maji ya Southwark and Vauxhall yalikuwa na chumvi takriban mara 40 kuliko ya Lambeth, hivyo hayakuweza kujificha.

Katika wiki saba za kwanza za mlipuko, nyumba za Southwark and Vauxhall zilipata vifo 1,263 na za Lambeth vifo 98. Je, hiyo inatosha kutoa hukumu? Bado. Labda kampuni ya kwanza ilikuwa na nyumba nyingi zaidi! Na kweli ilikuwa nazo: 40,046, na Lambeth 26,107. Ndiyo maana Snow aligawanya. Alipata kwamba katika kila nyumba 10,000 za Southwark and Vauxhall walikufa watu 315, na katika kila nyumba 10,000 za Lambeth walikufa 37. Hiyo ni zaidi ya mara nane. Idadi ya wafu peke yake ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kuuliza, kati ya wangapi?

Hapo ndipo mwalimu aliporudi kwenye mandazi yetu. Darasa letu lina wanafunzi 48. Waliokula mandazi siku ile walikuwa 42, wakaugua saba, yaani mmoja katika kila sita. Ambao hawakula walikuwa sita, wakaugua wawili, yaani mmoja katika kila watatu. Kumbe wasiokula ndio walioumwa zaidi kwa kiwango! Saba kati ya wagonjwa tisa walikula mandazi kwa sababu karibu kila mtu hula mandazi. Lakini mwalimu alituonya pia tusiruke kusema kwamba mandazi ni dawa ya tumbo. Watu sita ni wachache mno. Mmoja tu akipona au akiugua, hesabu yote inageuka. Snow alikuwa na maelfu ya nyumba, sisi tulikuwa na madawati manne. Tulichoweza kusema kwa haki ni kwamba hatukuwa na sababu yoyote ya kumhukumu yule mama.

Mnadhani Snow alibebwa juu juu kwa kazi yake? Wapi! Mwaka wa 1855 alitoa toleo la pili la kitabu chake, lenye ramani na hesabu zote hizo. Halmashauri ya afya ya serikali ilisema haioni sababu ya kuamini habari za maji. Mwaka huo huo alipoliambia Bunge kwamba harufu mbaya peke yake haileti magonjwa haya, jarida moja kubwa la madaktari lilimkejeli vikali. Hakurudisha matusi. Aliendelea na kazi ya kulaza wagonjwa huku akikusanya takwimu zake.

Tarehe 10 Juni 1858, akiwa anaandika kitabu kuhusu klorofomu na dawa nyingine za namna hiyo, alipatwa na kiharusi. Tarehe 16 Juni alikata roho. Alikuwa na umri wa miaka 45 tu. Alizikwa katika makaburi ya Brompton, London. Ajabu ni kwamba kiangazi hicho hicho mto Thames ulinuka kiasi cha kuwafanya wabunge wazibe pua, ndipo wakatoa fedha za kujenga mifereji mikubwa ya maji taka. Walijenga kwa kuogopa harufu, na bila kujua wakaokoa maji.

Ushindi wake ulikuja akiwa kaburini. Mwaka wa 1866 kipindupindu kilipoingia mashariki mwa London, William Farr, yule yule wa takwimu, ambaye zamani aliamini hewa chafu, alihesabu vifo kufuata kampuni za maji na akaona Snow alisema kweli. Watu wakatangaziwa wachemshe maji. Kisha mwaka wa 1883 na 1884 Mjerumani Robert Koch akakichunguza kijidudu chenyewe huko Misri na India. Snow hakukitambua kijidudu hicho. Alikijua kwa nyayo zake tu, kama mwindaji.

Leo mtaa ule unaitwa Broadwick Street, na pampu isiyo na mpini imesimamishwa pale kama kumbukumbu. Karibu nayo kuna baa iliyopewa jina la John Snow, yeye ambaye ujanani aliapa kutokunywa pombe. Walimwengu nao wana vituko!

Tujifunze nini basi? Kwanza, maji. Hapa kwetu kipindupindu hakijatuaga, kila mara mvua zikileta mafuriko tunasikia kimezuka mahali fulani. Tuchemshe maji, tutumie choo, tunawe mikono. Pili, tukisikia idadi, iwe ya wagonjwa, ya walioanguka mtihani au ya wezi wa kabila fulani, tuulize kati ya wangapi, na tuwatafute pia ambao jambo hilo halikuwapata. Tatu, tuseme ukweli wote, hata ule unaotupunguzia sifa, kama Snow alivyosema juu ya mpini wake.

Mimi nimeanza na hilo la tatu. Nilimwendea yule mama nikamweleza kwamba nilikuwa na la kusema na nikanyamaza, nikamwomba radhi. Alinitazama kwa muda, akafunua ndoo, akaniuliza nataka mangapi. Nikanunua mawili. Bei hakunipunguzia.

Kwaherini, na Mungu akipenda tuonane katika toleo la mwakani.

Mwandishi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu.